Kinanda Kwenye Begi la Mkononi

Ngoma haina haja ya kujieleza. Ipitishe kwenye mashine ya ukaguzi katika uwanja wowote wa ndege, na yule kijana anayekodolea kioo macho ataona mzinga wa mti na ngozi, atakuashiria upite. Zeze ni hivyo hivyo, na gitaa, na tarumbeta. Ala hizi zina sura zake, na sura hizo watu wamezizoea. Lakini kinanda cha umeme, msomaji wangu, hakina sura. Kwenye kioo cha mkaguzi kinaonekana kama sanduku lililojaa nyaya na betri, na kwa bahati mbaya hivyo ndivyo vitu ambavyo mkaguzi amefundishwa kuvitafuta.

Mimi ni mkuu wa shule mstaafu, nimekwisha kuvuka miaka sabini, na sikutegemea kwamba uzeeni ningekuwa mtu wa kuvutwa pembeni na kuulizwa, "Mzee, hiki nini?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi sasa. Sina kinyongo nalo. Kazi yangu ya miaka zaidi ya thelathini ilikuwa kueleza vitu, na hata mkaguzi wa mizigo ni mwanafunzi kama mwingine, ila huyu anayo mamlaka ya kukuzuia usisafiri.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kinanda kilikuwa kimoja tu, cha kukanyaga, na kukihamisha kutoka bwaloni hadi darasani ilikuwa kazi ya wanaume wanne. Hakuna aliyewaza kwamba kinanda kinaweza kusafiri. Aliyesafiri alikuwa mwalimu, na uma wa sauti mfukoni mwa shati, na do-re-mi kichwani. Baadaye vilikuja vinanda vya umeme. Kile kilichosifiwa sana, Yamaha DX7 cha mwaka 1983, kilikuwa na vibao 61 na uzito wa kilo 14 hivi bila sanduku lake. Huo si mzigo wa mkononi, labda kwa mpagazi wa bandarini.

Changu nilipewa na binti yangu anayeishi Ujerumani, nilipokwenda kumtembelea mwaka 2016. Kina vibao 37, vyembamba, vinavyotaka vidole vyenye adabu. Urefu wake ni sentimita 53, uzito haufiki kilo mbili, na kinatumia betri sita ndogo, zile za saa ya ukutani. Binti yangu alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la mkononi lenye urefu wa sentimita 55 hivi na, kwa safari zetu za huku Afrika, kilo saba. "Baba, kitaingia," akasema. Na kweli kiliingia, kikalala kwa mshazari kati ya fulana na viatu.

Pale Frankfurt, wakati wa kurudi, ndipo nilipovutwa pembeni kwa mara ya kwanza. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mkimya. Akafungua begi, akatoa kinanda kwa mikono miwili kama anayempokea mtoto, kisha akapangusa vibao vyake kwa kijitambaa kidogo na kukitia kijitambaa hicho ndani ya mashine. Mashine hiyo hunusa chembe za baruti na jamaa zake. Ilipokaa kimya, akaniambia nikiwashe. Betri zilikuwa nje, kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa sikutaka kijiwashe chenyewe safarini. Basi nikaanza kuzitia moja moja, kwa vidole hivi vyenye baridi yabisi, na nyuma yangu foleni ya watu waliovua mikanda na viatu. Betri sita ni nyingi mno unapotazamwa. Taa ilipowaka, yule mama hakuniomba nipige kitu. Alibonyeza kibao kimoja yeye mwenyewe, kikalia, akatikisa kichwa kuridhika, akanirudishia.

Wapo wanaokasirika kwa mambo kama hayo. Mimi nilikumbuka tarehe 21 Desemba 1988. Siku hiyo ndege ya Pan Am, safari namba 103, ililipuka angani juu ya mji wa Lockerbie huko Uskoti, wakafa watu 270: 259 waliokuwamo ndani na 11 waliokuwa chini, majumbani mwao. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya redio kaseti, na redio hiyo ndani ya sanduku lililokuwa tumboni mwa ndege. Chombo cha muziki, yaani. Wengi wetu tulikuwa na redio za namna hiyo sebuleni, zimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Kwa hiyo mtu akiniambia niwashe kinanda changu athibitishe kwamba ni kinanda, namwashia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa msomaji atauliza: kwa nini nisiondokane na usumbufu huo, nikakitia katika sanduku kubwa kiende chini pamoja na mizigo mingine? Sababu ya kwanza kila aliyewahi kukaa dirishani mwa ndege anaijua. Ametazama jinsi masanduku yanavyorushwa. Sababu ya pili ni ya karatasi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaweka kikomo cha fidia ya mizigo katika safari za kimataifa, na tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo hicho ni uniti 1,519 za hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kama dola 2,000 za Marekani hivi, kwa mizigo yako yote. Kwa fulana na viatu zinatosha. Lakini soma maandishi madogo ya tiketi yako, utakuta pia mashirika mengi yanasema hayapendi kupokea vitu vyepesi kuvunjika wala vya umeme katika mizigo ya chini. Wanakuambia wazi, ila kwa herufi za kusomwa kwa miwani.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo ni betri. Si hizi za saa ya ukutani. Hizo hazina neno. Nasema zile za lithiamu, zinazochajiwa, ambazo Sony ilizitoa sokoni mwaka 1991 na leo zimo katika simu, kompyuta, na ile betri ya akiba ambayo vijana huiita pawabenki. Betri hiyo ikiumia au ikiwa na kasoro, hujichemsha yenyewe, sehemu moja ikiichochea nyingine, na moto wake haukubali kuzimwa kirahisi. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya kuungua angani ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu, na marubani wote wawili wakafa. Januari 2025, ndege ya Air Busan iliungua uwanjani huko Korea ya Kusini kabla ya kuruka, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa juu ya vichwa vya abiria. Wote walitoka hai.

Ndiyo maana kanuni inasema betri za akiba za lithiamu zisiende chini kamwe. Zikae na abiria, kwa sababu moto ukianza kabatini kuna macho ya kuuona na mikono ya kuumwagia maji. Na zina kipimo: wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na kati ya 100 na 160 kwa ruhusa ya shirika, zisizidi mbili. Hapa ualimu wangu ulinifaa, maana vijana wengi wanaobeba vyombo vya muziki hawajui kupiga hesabu hiyo, nayo ni ya darasa la saba. Zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki iliyoandikwa milliampea-saa 20,000 ni ampea-saa 20. Mara volti 3.7, unapata wati-saa 74. Inapita. Ya 30,000 ni wati-saa 111. Hiyo itakutia maneno. Mimi nimeziandika hesabu hizo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya betri yenyewe kwa selotepu, na mara mbili mkaguzi amekisoma, akatabasamu, akaniita mwalimu kabla sijamwambia kazi yangu.

Nisiseme kwamba wakubwa wa dunia wana msimamo mmoja. Machi 2017 Marekani ilitangaza kwamba abiria wanaokwenda kwake kutoka viwanja kumi vya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Dubai na Doha vikiwemo, waweke vyombo vyote vya umeme vikubwa kuliko simu katika mizigo ya chini. Yaani kile kilichoambiwa siku zote kikae na mwenyewe kwa hofu ya moto, sasa kiende chini kwa hofu ya bomu. Wasafiri wetu wanaopitia huko waliuonja utamu huo. Kufika mwisho wa Julai amri ilikuwa imeondolewa.

Lakini yote hayo ni habari za vyombo, na chombo hununuliwa kingine. Nilichotaka kueleza hasa ni safari ya Mwanza ya mwaka 2023.

Katika shule niliyoiongoza kwa muda mrefu kuliko zote tulikuwa na mwalimu wa muziki. Sitamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hapendi. Alifundisha pia jiografia, maana serikali haikuwa na fedha za kumlipa mtu kwa ajili ya do-re-mi peke yake. Kwa miaka ishirini na mitano alitunga nyimbo za kwaya ya shule: za mahafali, za Saba Saba, za kumwaga mwalimu aliyehamishwa, za kumzika mpishi wetu. Zote aliziandika kwa herufi za sol-fa katika madaftari matatu ya jalada gumu, na madaftari hayo, baada ya yeye kustaafu, yaliliwa na mchwa katika stoo ambayo hakuna aliyeifungua kwa miaka sita. Nilipopata habari hiyo nilikaa kimya siku nzima. Nyimbo hazikuwa zimebaki popote ila kichwani mwake, na yeye alikuwa amekwisha kupata kiharusi kilichomlegeza mkono wa kushoto.

Binti yake alinipigia simu. "Baba anakuulizia, Mkuu. Anasema uje na kitu cha kupigia." Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na magoti yangu hayataki tena basi. Nikakata tiketi ya ndege. Katika begi la mkononi nikatia kinanda, kinasa sauti kidogo cha ukubwa wa kiganja, pawabenki, spika za masikioni, dawa zangu za shinikizo la damu, na shati moja.

Nilikaa kwao, nje ya mji upande wa Igoma, siku tisa. Kila asubuhi, kabla joto halijapanda, tulimkalisha karibu na dirisha na kukiweka kinanda juu ya meza ya kulia. Alicheka alipokiona. "Mkuu, hiki ni cha mtoto?" Lakini vibao vyembamba vilimfaa, kwa sababu mkono mmoja wa kulia uliweza kufika mbali. Alipiga sauti ya kwanza, akaimba ya pili kwa kunong'ona, nami nikaandika. Pale nilipokosea alinipiga kidogo kwenye kiganja, kama alivyowapiga wanafunzi. Wakati mwingine wimbo ulikuja mzima, kama maji. Wakati mwingine tulikaa saa nzima tukitafuta noti mbili.

Tulipata nyimbo kumi na saba na nusu. Ile nusu ni wimbo alioutunga mwaka 1979 kwa ajili ya mwalimu mwenzetu kijana aliyekwenda vita vya Kagera na asirudi. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili, akafika kwenye kiitikio, akanyamaza. Kwenye kinasa sauti inasikika kuku wakiparua nje, halafu sauti yake: "Basi. Zima." Sikumhimiza.

Aliniuliza kama ile mionzi ya uwanja wa ndege haitazifuta sauti. Nikamwambia hapana, mionzi ile huharibu filamu za picha, lakini haifuti kadi ya kumbukumbu, wala haikufuta hata kaseti za zamani. Adui wa kaseti ni sumaku. Hakuniamini sana. Kopi ya pili haikuwapo, kwa kuwa kompyuta ya kunakilia ilikuwa Dar es Salaam. Zaidi ya kazi ya maisha ya mtu ilikuwa ndani ya kidude kidogo kuliko sabuni ya kuogea.

Ndege ya kurudia ilikuwa ndogo, ya panga boi, na ilijaa. Ukaguzi ulipita salama. Taabu ilikuwa chini ya ngazi, tumekwisha kutembea juani hadi kwenye ndege. Kijana mmoja wa kiume, amevaa fulana ya rangi ya machungwa, alikuwa anafunga vibandiko kwenye mabegi.

"Shikamoo mzee. Hili haliingii juu, tunaliweka chini. Utalipata ukishuka."

"Marahaba. Kuna betri za lithiamu humu, mwanangu."

Alijua kanuni, nampa haki yake. "Basi zitoe, mzee."

Nikachuchumaa pale kwenye lami, nikatoa pawabenki, nikatoa kinasa sauti na betri yake. Watu wananipita wakipanda. Kijana akachungulia ndani ya begi, akakiona kinanda. "Na hiki? Nacho kina lithiamu?"

Swali hilo nimelifikiria sana tangu siku ile. Jibu la ndiyo lingenitosha. Lilikuwa neno moja, na hakuna ambaye angefungua kifuniko kutazama. Kinanda kingepanda nami, kingekaa mapajani, na mapaja yangu nilikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimewaambia watoto wa watu kwa miaka thelathini na kitu kwamba anayejua kanuni ana wajibu wa kuitii hata pale inapomwumiza, na yule kijana aliniuliza kwa heshima, akitegemea kwamba mzee mwenye mvi hatamdanganya. Nikasema, "Hapana. Hicho kina betri za kawaida, za saa ya ukutani."

"Basi hicho kinaweza kwenda," akasema, akafunga kibandiko.

Nilikaa kiti cha dirishani. Kinasa sauti nilikishika mkononi safari nzima, sikukitia hata mfukoni. Niliona begi langu likipandishwa. Sitasema lilivyopandishwa.

Dar es Salaam nilipolifungua, kibao kimoja kilikuwa kimevunjika kwenye shina, fa ya katikati, na kitufe cha sauti kimezama ndani. Shirika lile, ambalo nalo silitaji, lilinipa fomu ya kurasa mbili. Nilijaza. Waliandika barua ya upole wakinikumbusha masharti ya tiketi kuhusu vitu vyepesi kuvunjika. Binti yangu alikasirika kuliko mimi, akataka kujua kwa nini sikusema tu kwamba kina lithiamu. Sikumjibu kwenye simu. Ni mtu mzima, na swali lake ni la haki.

Mwalimu mwenzangu nilimpigia jioni ile ile kumwarifu kwamba sauti zimefika, na kwamba kinanda kimepoteza fa. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anaimba moyoni. Kisha akasema, "Wimbo wa mpishi hauna fa hata moja. Wa Saba Saba pia. Hizo tulizitunga kwa sauti tano za kienyeji." Akaanza kunihesabia ni nyimbo zipi zitaumia na zipi hazitaumia. Zilizoumia zilikuwa saba, pamoja na ule wa Kagera.

Nyimbo kumi na saba nimekwisha kuziandika zote kwa sol-fa, kwa wino, katika daftari jipya, na nakala nne zimekaa katika nyumba nne tofauti. Mchwa wajipange. Kadi ya kumbukumbu nimeinakili mara tatu. Kibao cha fa fundi wa redio wa Kariakoo amekigandisha kwa gundi. Kinalia, ila ukikibonyeza kwa nguvu kinakwama chini na kuendelea kuimba peke yake.

Mwezi uliopita alinipigia yeye mwenyewe, si binti yake. Sauti imekuwa nyembamba. "Mkuu, ule wimbo. Nimeukumbuka mwisho wake." Nilimwambia auimbe pale pale kwenye simu, ninase. Akakataa. Anataka kuupiga.

Binti yangu ameniletea sanduku gumu la kinanda, la plastiki, lenye sponji ndani, ili hata kikipelekwa chini kisivunjike. Nimelipima kwenye mizani ya jikoni: kilo tatu kasoro kidogo. Kinanda ni karibu kilo mbili. Kinasa sauti, pawabenki, waya na spika za masikioni, robo tatu kilo. Dawa zangu zimeongezeka tangu mwaka 2023. Zinafika nusu kilo pamoja na ile mashine ya kupimia shinikizo la damu. Daftari la wino, kwa ajili ya kumwonyesha, nusu kilo nyingine. Katika zile kilo saba inabaki nafasi ya shati moja na suruali, na viatu nitavivaa.